Rauta za matawi ziko nyuma ya laini za simu, naziingiaje kwa mbali bila kuacha poti wazi?

Mluguru_wa_Waya

Habari zenu wakuu, naombeni msaada kwa wenye uzoefu na haya mambo. Nimepokea kazi ya kusimamia mtandao wa kampuni moja ya pembejeo za kilimo, ofisi kuu iko Moro mjini na matawi yako Kilosa, Ifakara, Mlimba, Malinyi na Mahenge. Kila tawi lina rauta ya MikroTik, nyingi ni hEX na hAP ac lite, na intaneti inaingia kwa modemu ya 4G yenye laini ya kawaida tu na bando la mwezi, isipokuwa Kilosa na ofisi kuu ambako kuna faiba yenye IP ya umma (anwani inayofikika moja kwa moja kutoka intaneti). Nyuma ya rauta kuna kompyuta ya mauzo, swichi, wifi na kamera.

Jamaa aliyenikabidhi alikuwa anafanya hivi, Kilosa kaacha poti 8291 ya Winbox (programu ya kusimamia MikroTik) wazi kwa dunia nzima, kwingine kote anaingia kwa AnyDesk (programu ya kuendesha kompyuta kwa mbali) kwenye kompyuta ya mauzo halafu akishakuwa humo ndo anafungua Winbox. Maana yake nikitaka kurekebisha kitu saa nne asubuhi inabidi nimpigie dada wa kaunta aache kuuzia watu mbegu mpaka mimi nimalize, na jioni wakizima kompyuta ndo basi tena mpaka kesho. Logi ya Kilosa ukiifungua ni nyekundu tupu, login failure for user root, for user admin, for user test, usiku kucha, IP za kila bara.

Nasikia watu wanaweka seva moja ya usimamizi kwenye klaudi halafu vifaa vyote vinafikiwa kupitia hapo. Nataka kujua inafanyikaje hasa kwenye laini ya simu ambayo haina IP ya umma, inakula bando kiasi gani, na je nikiweka kila kitu kwenye seva moja si ndo nimemrahisishia mwizi, akiingia hapo kaingia matawi yote? Masika hii barabara ya Mahenge siyo ya kuombea, sitaki kwenda huko kisa nimejifungia nje ya rauta.

kijanaWaKkoo

Mkuu badilisha namba ya poti tu, toa 8291 weka kitu kama 58291, paswedi ndefu, mchezo umeisha. Seva ni kujitafutia bili ya kila mwezi.

BabuPingi

Hapana kijana, usimpoteze mwenzio. Skana za siku hizi zinapita poti zote, namba ukiibadilisha unapunguza kelele kwenye logi tu. Na paswedi ndefu haisaidii kama tatizo liko kwenye huduma yenyewe. 2018 kulikuwa na hitilafu ya Winbox, CVE-2018-14847, mtu alikuwa anasoma mafaili ya rauta bila hata kulogini, likiwemo faili la watumiaji na paswedi zao. Ungeweka paswedi ya herufi 40 angeisoma hivyo hivyo. MikroTik waliziba Aprili 2018 kwenye toleo la 6.42.1 lakini watu hawakuapdeti, kufika Agosti rauta zaidi ya laki 2 zilishatekwa zinawapachikia watu skripti ya kuchimba sarafu za mtandaoni kwenye vivinjari vyao.

Na kibaya zaidi ni cha baadae. Septemba 2021 likaja jeshi la rauta liliitwa Mēris, likawapiga Yandex wa Urusi kwa maombi milioni 21.8 kwa sekunde, na MikroTik wenyewe wakasema nyingi ya hizo rauta ni zile zile za 2018, wenyewe waliapdeti ila hawakubadilisha paswedi zilizokwisha kuibiwa. Kwa hiyo Mluguru, hiyo rauta ya Kilosa mimi ningeihesabu kama imeshajulikana. Usiiapdeti tu ukaondoka. Chukua mpangilio kwa export, usome kwa macho yako mstari kwa mstari, angalia kama kuna kitu kwenye scheduler (kazi zinazojiendesha kwa ratiba) hujakiweka wewe, kama SOCKS (wakala wa kupitishia trafiki ya wengine) imewashwa, kama kuna L2TP (aina ya taneli) inayoita mahali usipopajua, kisha ipige Netinstall (kuifuta na kusakinisha mfumo upya) na uijenge upya na paswedi mpya. Iko njiani Kilosa hapo, siyo Mahenge.

AnyDesk nayo achana nayo kwa kazi hii. Februari 2024 walitangaza wenyewe kwamba mifumo yao iliingiliwa. Ila hata isingekuwa hivyo, njia ya kuingia kwenye rauta haitakiwi kupita kwenye kompyuta ambayo watu wanafungulia barua pepe na kuchomekea flashi za kila mteja.

Sasa seva. Chukua VPS (seva ya kukodi mtandaoni) ndogo kabisa, dola 5 kwa mwezi hivi, RAM ya GB 1 inatosha na kubaki, weka Debian au Ubuntu. Kwa kuwa matawi yako nyuma ya NAT ya kampuni ya simu (wateja wengi wanatumia IP moja ya umma; ukiangalia IP kwenye modemu utaona inaanza na 10 au iko kati ya 100.64 na 100.127, hiyo siyo ya umma), wewe huwezi kuyapigia, inabidi yenyewe yakupigie. Yani kila rauta inafungua taneli ya WireGuard (njia iliyosimbwa kupita kwenye intaneti) kwenda kwenye seva na kuishikilia. WireGuard imo ndani ya RouterOS (mfumo wa rauta za MikroTik) kuanzia toleo la 7, kama kuna rauta iko 6 ipandishe kwanza, na uipandishe ukiwa umesimama mbele yake.

Upande wa rauta, mfano Ifakara:

```
/interface wireguard add name=wg-sim listen-port=13231
/interface wireguard peers add interface=wg-sim public-key="UFUNGUO_WA_SEVA" endpoint-address=IP_YA_SEVA endpoint-port=51820 allowed-address=10.99.0.1/32 persistent-keepalive=25s
/ip address add address=10.99.0.11/24 interface=wg-sim
```

Upande wa seva, kwenye wg0.conf:

```
[Interface]
Address = 10.99.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = UFUNGUO_WA_SIRI_WA_SEVA

[Peer]
PublicKey = UFUNGUO_WA_IFAKARA
AllowedIPs = 10.99.0.11/32
```

Kila tawi namba yake, kila tawi ufunguo wake, usikopi ufunguo mmoja rauta zote. Hiyo persistent-keepalive ndo roho ya jambo lenyewe, bila hiyo NAT ya kampuni ya simu inasahau mawasiliano baada ya muda mfupi na seva haina tena njia ya kurudi kwa rauta.

Bando usihofu. Pakiti ya keepalive ikiwa na vichwa vyake vyote ni baiti 60, inatoka kila sekunde 25, jumlisha salamu za kubadilisha funguo kila dakika 2, ukipiga hesabu mwezi mzima haifiki MB 20 kwa tawi. Kinachokula ni wewe ukifungua kamera.

Dada_Seva

BabuPingi kamaliza upande wa taneli, mimi niongeze kwenye lile swali la mwisho la Mluguru maana ndo la maana kuliko yote, kwamba akiingiliwa seva kaingiliwa kote.

Watu wengi wakishaweka WireGuard hatua inayofuata wanawasha ip_forward (ruhusa ya seva kupitisha pakiti za wengine) kwenye seva, wanajiunga na laptopu yao kwenye hiyo hiyo wg0, basi wanaona matawi yote moja kwa moja. Inafanya kazi ndiyo. Lakini sasa umetengeneza barabara. Kompyuta ya Malinyi ikipata kirusi kinaweza kutembea mpaka Mlimba kupitia seva yako mwenyewe uliyoiita ya usalama. Mimi nasema usiwashe ip_forward, iache 0. Seva iwe geti lenye mlinzi, hakuna anayekatiza, unajitambulisha getini na getini ndo wanakupeleka mlango mmoja ulioutaja.

Hilo geti ni SSH (njia iliyosimbwa ya kuingia kwenye mashine kwa mbali). Kwenye laptopu yako faili la ~/.ssh/config:

```
Host geti
  HostName IP_YA_SEVA
  User fundi
  IdentityFile ~/.ssh/id_ed25519

Host ifakara
  HostName 10.99.0.11
  User msimamizi
  IdentityFile ~/.ssh/id_rsa_matawi
  ProxyJump geti
```

Ukiandika ssh ifakara inapita getini yenyewe. ProxyJump ipo tangu OpenSSH 7.3 ya 2016 kwa hiyo hakuna kisingizio. Uzuri wake ni kwamba usimbaji unaanzia laptopu yako mpaka kwenye rauta, seva inapitisha baiti tu haioni kinachoandikwa wala haishiki ufunguo wako wa rauta. Kwa hiyo hata mtu akiiteka seva hapati funguo za matawi, zipo kwako. USITUMIE ssh -A kwa ajili hii, ile inapeleka wakala wa funguo zako kwenye seva na mwenye root (mamlaka yote) pale anaweza kuutumia kwa jina lako muda wote ulioingia. Na usiweke funguo za siri za rauta kwenye home ya seva "kwa urahisi", nimeona watu wanafanya, hapo ndo hofu yako inakuwa kweli.

Kwa wapenzi wa Winbox:

```
ssh -N -L 8291:10.99.0.11:8291 geti
```

halafu Winbox unaiambia iende 127.0.0.1, basi.

Seva yenyewe kwenye sshd_config weka PasswordAuthentication no, PermitRootLogin no, AllowUsers utaje majina, na PermitOpen utaje kila anwani na poti inayoruhusiwa kurukiwa (10.99.0.11:22 10.99.0.11:8291 na kuendelea), chochote kisichotajwa kinakataliwa. Kama una kijana anakusaidia mpe akaunti yake ambayo ganda lake ni /usr/sbin/nologin, ProxyJump inampitisha vizuri tu ila kwenye seva yenyewe hawezi kuandika hata ls.

Na washa masasisho ya usalama yajisakinishe yenyewe. Geti nalo lina hitilafu zake, Julai 2024 ilitoka regreSSHion, CVE-2024-6387, ndani ya OpenSSH yenyewe, mtu anaweza kupata root bila kulogini. Waliokuwa na masasisho ya moja kwa moja hawakupata shida. Ukitaka ulale kabisa funga hata poti 22 ya seva kwa umma, laptopu yako iwe na taneli yake ya WireGuard kwenye wg1, SSH isikilize humo tu. WireGuard haijibu pakiti ambayo haina ufunguo sahihi, anayeskana haoni hata kama kuna kitu.

kijanaWaKkoo

Haya nimenyooshwa 😂 Ila si kuna ZeroTier na Tailscale, dakika 5 kila kitu kinaonana, mnajitesa bure na mafaili ya konfigi.

Dada_Seva

Si mbaya, ila "kila kitu kinaonana" ndo kitu chenyewe ninachokikataa hapo juu. Inabidi uandike sheria za kuzuia, na wengi hawaandiki. Halafu ZeroTier kwenye MikroTik ipo kwa rauta zenye kichakataji cha ARM tu, hEX za Mluguru zile za zamani na hAP ac lite ni MIPS, hazimo.

Mluguru_wa_Waya

Wakuu Mungu awabariki. Nimepandisha seva, nimeanza na Ifakara na Mlimba kwa sababu nilikuwa huko huko. Ifakara hendisheki (salamu ya kuanzisha taneli) inaonekana kabisa, upande wa seva wg show inasema latest handshake sekunde chache zilizopita, lakini nikijaribu kuingia 10.99.0.11, ssh kimya, Winbox kimya. Mlimba hivyo hivyo. Hendisheki ipo, kuingia hakuna, nini hiki?

Swali lingine, matawi yote LAN (mtandao wa ndani) ni 192.168.88.0/24 ile ya difolti, na kuna kamera nataka kuzifikia pia. Nibadilishe LAN za kila tawi? Maana kuna printa na mashine za risiti zina IP za mkono, nikizigusa ni balaa.

BabuPingi

Hiyo ni faiwoli ya difolti. Mwishoni mwa chain ya input (sheria za kinachoingia kwenye rauta yenyewe) kuna sheria imeandikwa defconf: drop all not coming from LAN, na wg-sim haimo kwenye orodha ya LAN, kwa hiyo taneli imesimama ila ssh na Winbox zinazotoka ndani yake zinatupwa. Usiiongeze wg-sim kwenye LAN japo ndo ushauri utakaoukuta kila mahali, unaipa ruhusa kubwa kuliko inavyohitaji. Weka hii na uiburute iwe juu ya hiyo ya drop:

```
/ip firewall filter add chain=input in-interface=wg-sim src-address=10.99.0.1 protocol=tcp dst-port=22,8291 action=accept
```

Pingi itaendelea kukataa au kukubali kutegemea sheria ya icmp iliyopo, usiitumie kama kipimo, pima kwa ssh. Ikishakubali ndo unaanza kufunga vilivyobaki:

```
/ip service disable telnet,ftp,www,api,api-ssl
/ip service set winbox address=10.99.0.1/32
/ip service set ssh address=10.99.0.1/32
/ip ssh set strong-crypto=yes
```

Hapo rauta inamsikiliza mtu mmoja tu duniani, naye ni 10.99.0.1. Fundi aliyeko tawini na kebo mkononi bado anaweza kuingia kwa Winbox kupitia MAC kwenye LAN, hiyo acha.

Na kabla hujabonyeza chochote cha faiwoli ukiwa mbali, Safe Mode. Kwenye terminali ni Ctrl+X, kwenye Winbox kuna kitufe juu kushoto. Ukijikata mwenyewe rauta inasubiri dakika kama 9 halafu inarudisha kila ulichokibadilisha. Ukiona mambo safi unaitoa tena kwa Ctrl+X na mabadiliko yanabaki. Hapo Mahenge umeshaiokoa safari.

Dada_Seva

LAN usiguse! Ukiwa na geti hiyo migongano ya 192.168.88 haikuhusu kwa sababu seva haina haja ya kuijua njia ya LAN yoyote. Kwenye rauta washa:

```
/ip ssh set forwarding-enabled=local
```

halafu kwenye laptopu:

```
ssh -N -L 8080:192.168.88.50:80 ifakara
```

Fungua kivinjari 127.0.0.1:8080 unaona kamera ya Ifakara. Badilisha neno ifakara weka mlimba, unaona ya Mlimba, IP ile ile. Video inapita kwenye 4G kwa hiyo chagua ubora mdogo wa picha, na ukimaliza funga.

Nyuki_254

Niaje wasee, Nairobi hapa. Hii setapu ni poa sana, sisi tuko na kitu inafanana na hiyo kwa shule kadhaa. Niongeze moja tu, kama nyuma ya rauta uko na swichi za Cisco za zamani utajaribu ssh na upate Unable to negotiate, no matching key exchange method found. Si taneli imeharibika. OpenSSH mpya zimezima kwa difolti zile hesabu za usimbaji za kitambo, kutoka 8.8 ya Septemba 2021 hata ssh-rsa ya SHA-1 imezimwa. Usirudishe hizo vitu kwa mashine nzima, ziweke kwa hiyo swichi pekee yake:

```
Host swichi-ifakara
  HostName 192.168.88.2
  ProxyJump ifakara
  KexAlgorithms +diffie-hellman-group14-sha1
  HostKeyAlgorithms +ssh-rsa
```

Kama ni mzee zaidi inataka group1-sha1. Na kama inajua telnet (ya zamani isiyosimba kitu) peke yake, ingia kwa MikroTik kwanza halafu ukiwa hapo ndani piga /system telnet, angalau hiyo telnet inatembea mita mbili za waya ndani ya kabati na si kwa intaneti.

Halafu boss, mambo ya logi. Dada_Seva amesema ukweli kuhusu ProxyJump, seva haioni kitu unaandika, lakini hiyo inamaanisha pia haiwezi rekodi. Mkubwa akiuliza nani alibadilisha faiwoli ya Malinyi Jumanne utamwambia nini? Tuma logi za rauta zote kwa seva ndani ya taneli:

```
/system logging action set remote remote=10.99.0.1
/system logging add topics=system action=remote
/system logging add topics=critical action=remote
```

RouterOS huandika nani ameingia, kutoka IP gani, kwa winbox ama ssh, na sheria gani imebadilishwa na nani. Lakini hiyo itakusaidia tu kama kila mtu ako na jina lake. Mkiingia wote na admin, logi itasema admin, na admin ni nani? Tengenezea kila mtu akaunti na ile ya admin uizime. Kwa seva usisahau kufungua UDP 514 kutoka wg0 pekee yake.

mzee_wa_TX

Nimesoma yote kimya kimya, kuna kitu hakuna aliyekigusa na huko Mahenge na Malinyi kitamkuta tu, SAA.

MikroTik nyingi ndogo hazina betri ya saa. Umeme ukikatika ghafla rauta ikirudi inaweza kuamini iko 1970. Sasa WireGuard kila inapoanza hendisheki inaweka muhuri wa muda, na seva inakumbuka muhuri wa mwisho iliyoupokea kutoka kwenye ufunguo huo, ukija wenye tarehe ya nyuma inaukataa bila kusema neno, ni kinga dhidi ya mtu anayerekodi pakiti za zamani na kuzirusha tena. Matokeo yake umeme umerudi, intaneti ya tawi inafanya kazi, wauzaji wanauza, ila wewe taneli imekufa na hakuna kosa lolote limeandikwa popote. Watu wanazungushwa na hii siku nzima.

Dawa ni rauta ipate saa kwa NTP (huduma ya saa ya mtandaoni) KABLA ya taneli, tena nje ya taneli:

```
/system ntp client set enabled=yes
/system ntp client servers add address=pool.ntp.org
```

Usiiambie ichukue saa kwa 10.99.0.1, itakuwa inasubiri taneli ili ipate saa na inasubiri saa ili ipate taneli. Na ikikukuta kabla hujaweka, zima wg0 kwenye seva uiwashe tena (wg-quick down wg0, wg-quick up wg0), kumbukumbu ya mihuri inafutika, rauta inaingia hata na tarehe yake ya uongo, unairekebisha hapo hapo.

Jambo la pili ni seva yako iko wapi. Tarehe 12 Mei 2024 kebo za intaneti za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika kwa pamoja karibu na pwani ya Afrika Kusini, na Tanzania tulikuwa kati ya walioumia zaidi. Siku ya namna ile kama seva iko Ulaya au Afrika Kusini, matawi yako yanaweza kuwa mazima na huyafikii. Ofisi kuu Moro umesema ina IP ya umma, weka pale kompyuta yoyote ndogo yenye Debian, uifanye geti la pili, wg nyingine, 10.98.0.1, funguo nyingine, na kila rauta iwe na taneli mbili. Kwenye faiwoli na kwenye ip service unaongeza hiyo IP ya pili. Mitandao ya ndani mingi inabadilishana trafiki pale TIX Dar, kwa hiyo laini ya Ifakara kuongea na faiba ya Moro haihitaji kebo ya baharini. Na hiyo hiyo inakusaidia siku kadi ya kulipia VPS imeisha muda na wahasibu wako likizo ya Krismasi.

BabuPingi

@mzee_wa_TX hii ya saa nimeikopi naiweka kwenye makabrasha. Nilikuwa najua suluhisho la kuzima na kuwasha wg0 ila sababu yake sikuwa naijua.

Mluguru_wa_Waya

Yameitika wakuu! Ile sheria ya input ndo ilikuwa yenyewe, Ifakara na Mlimba nimeingia nikiwa nimekaa Msamvu nasubiri gari. Kamera nimeiona kwa forwarding-enabled. Kilosa nimeifunga 8291 kwanza, kwenye scheduler kulikuwa na skripti inayoita anwani nisiyoijua kila baada ya muda, BabuPingi ulijuaje, kesho naenda na laptopu naipiga Netinstall. NTP nimeweka kote, na mini PC ya geti la pili nimeomba bajeti, bosi kakubali baada ya kumtajia ile Mei 2024 maana alikuwa anaikumbuka vizuri, siku hiyo mauzo yote yaliandikwa kwenye daftari.

Moja la mwisho, hizi WireGuard si ni VPN? TCRA (mamlaka ya mawasiliano) haitatusumbua?

mzee_wa_TX

Ni VPN ndiyo. Oktoba 2023 TCRA walitoa tangazo kwa watu na makampuni ambayo kazi zao zinahitaji VPN, wajaze fomu na kutoa taarifa pamoja na IP inayotumika, mwisho ilikuwa tarehe 30 ya mwezi ule. Tarehe imepita ila kampuni yenu ni ya kazi na matumizi yenu ni ya kazi, jazeni fomu, IP ya seva ni moja tu wala siyo siri. Mwambie bosi aisaini yeye, siyo wewe.

Mluguru_wa_Waya

Sawa mzee, naipeleka Jumatatu. Malinyi na Mahenge naenda wiki ijayo na gari la mbolea, nikikwama naandika hapa hapa.

Nyuki_254

Beba kebo ya USB ya konsoli na rauta moja ya akiba ishakonfigiwa ufunguo wake. Huko mbali hakuna duka ya kununua adapta ikiungua.